Pampu inayoisha kila mwezi, na maswali mengine ya wenye pumu

Mikorosho ikianza kupulizwa salfa, simu yangu hujaa ujumbe wa watu waliobanwa kifua. Nimechukua maswali saba. Mengine yanafanana sana, kwa hiyo msishangae mkiona jibu lenu limo kwenye swali la jirani.

Shikamoo dada. Mume wangu ana pumu tangu utotoni. Msimu wa salfa anabanwa mchana na usiku. Pampu yake ya bluu zamani ilikaa miezi mitatu, sasa hata mwezi haimalizi. Anasema mwili umeshaizoea dawa. Ni kweli? *Mama wa watoto wanne, Newala*

Marahaba mama. Mumeo amepatia nusu.

Dawa iliyomo kwenye pampu ya bluu ni salbutamoli. Inalegeza misuli inayoizunguka mirija ya hewa, basi. Ndani ya dakika tano hivi pumzi inarudi, na nafuu hiyo hukaa saa nne hadi sita. Lakini mtu mwenye pumu mirija yake imevimba kwa ndani na inatoa makohozi mazito, na uvimbe huo salbutamoli haiugusi. Kila akivuta anasikia amepona, kumbe uvimbe uko palepale na vumbi la kesho linaukuta. Tena kuitumia kila siku peke yake kunaifanya mirija iwe nyepesi zaidi kuchokozeka, na dawa yenyewe inapungua makali. Hapo ndipo alipopatia. Ila sababu kubwa ni kwamba ugonjwa wenyewe haujatibiwa.

Tupige hesabu. Kopo la kawaida lina mipulizo 200. Likiisha kwa mwezi, anavuta karibu mara saba kwa siku. Mtu aliyedhibiti pumu hahitaji pampu ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki. Wataalamu wa pumu duniani wanahesabu makopo matatu kwa mwaka kuwa tayari ni dalili mbaya, na anayemaliza moja kila mwezi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa kwa pumu. Ndiyo maana mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA uliacha kushauri watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamoli pekee.

Anachokosa ni dawa ya kuzuia: steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni. Hii huvutwa kila siku, hata siku anayojisikia mzima. Wengi huiacha baada ya siku tatu kwa sababu "haifanyi kitu". Haifanyi kitu siku hiyo, kweli. Inahitaji siku kadhaa hadi wiki chache kutuliza uvimbe. Akimaliza kuvuta asukutue kwa maji na kuyatema, la sivyo anaweza kuota utando mweupe wa fangasi mdomoni. Zipo pia pampu zilizochanganya steroidi na fomoteroli, ambayo nayo hufungua kifua haraka. Amwulize daktari kama anaweza kuipata.

Kuhusu salfa: najua ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho unaopulizwa salfa, haumsubiri mtu apone, na najua hela ya kibarua huwa haipo kabla korosho hazijauzwa. Hata hivyo, kama kuna shemeji au kijana mwenye kifua kizima, yeye ndiye abebe mashine. Mumeo akae mbali, upande upepo unakotokea, na nguo za shambani zibaki nje ya chumba cha kulala. Khanga iliyofungwa puani haizuii vumbi laini kama lile.

Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Mtwara mjini. Nikimeza vidonge vya salbutamoli mikono inatetemeka mpaka nashindwa kushika breki vizuri, na moyo unakwenda mbio. Nina mzio nayo?

Huna mzio. Umekunywa nyingi tu, bila kujua. Mpulizo mmoja wa pampu una mikrogramu 100. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina mikrogramu 4,000, yaani dawa ya mipulizo 40, na yote inapita tumboni na kwenye damu kabla haijafika kifuani. Ndiyo maana inachelewa kukupa nafuu lakini haichelewi kukutetemesha. Ya pampu inakwenda moja kwa moja inakohitajika.

Vidonge ni rahisi, vinauzwa kwa kuhesabiwa kwenye bahasha ndogo, naelewa. Lakini ukipiga hesabu ya mwezi mzima, tofauti ya bei na pampu si kubwa kama unavyodhani. Na hiyo pampu usiiache chini ya siti ya pikipiki juani. Kopo lina mgandamizo na halitakiwi kukaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30. Moyo ukiendelea kwenda mbio hata umekaa kimya, au ukaruka mapigo, nenda ukapimwe.

Mjukuu wangu ana miaka saba. Nikimbonyezea pampu dawa yote inaishia ulimini, hajui kuvuta. Kile chombo cha plastiki cha kuchomeka pampu ili mtoto apumulie humo, walichoniambia ninunue, sijakiona Lindi nzima. *Bibi wa Mtama*

Shikamoo bibi. Wala usikisake. Chukua chupa ya maji ya nusu lita.

Sifanyi mzaha. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti uliolinganisha vyombo vya dukani na chupa ya plastiki ya mililita 500 kwa watoto waliobanwa na pumu, na chupa ile ilifanya kazi sawasawa. Kikombe cha plastiki chenyewe hakikufua dafu.

Ioshe kwa maji yenye sabuni, iache ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa. Ukiifuta dawa inang'ang'ania kwenye plastiki. Kwenye kitako cha chupa toboa tundu lenye umbo lilelile la mdomo wa pampu. Waya uliopashwa moto unasaidia, ila kazi hiyo afanye mtu mzima. Pampu iingie kwa kubana. Ikilegea, zungushia plasta. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, midomo imefumba vizuri. Tikisa pampu, bonyeza mara moja tu, kisha apumue ndani na nje taratibu mara nne hadi sita humohumo chupani. Ndipo utikise tena na kubonyeza mara ya pili. Watu wengi hubonyeza mara tatu kwa mkupuo, dawa inagongana yenyewe na kuganda kwenye chupa.

Sasa siku akibanwa vibaya. Mkalishe wima, usimlaze. Mpe mipulizo minne, mmoja mmoja, kila mmoja apumue mara nne. Subiri dakika nne. Hajapata nafuu, rudia minne mingine, na wakati huo mtu awe ameshakwenda kutafuta usafiri. Mkiwa njiani endeleeni kumpa kwa mpangilio uleule. Usiogope kwamba umemzidishia. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikizama kila akivuta pumzi, midomo ikageuka rangi au akaanza kusinzia, usisubiri hizo dakika nne. Na kifua kilichokuwa kinapiga miluzi kikinyamaza ghafla huku mtoto bado anahangaika, hiyo ni mbaya kuliko miluzi. Maana yake hewa haipiti.

Nina miaka 68, nilivuta sigara tangu ujana, nimeacha mwezi uliopita. Wanasema nina pumu ya uzeeni. Natumia aminofilini kwa miaka. Wiki jana nilipewa siprofloksasini kwa ajili ya mkojo, tangu hapo natapika na moyo unadunda. *Mzee wa Nachingwea*

Shikamoo mzee wangu. Swali lako limenifanya nikupigie simu kabla sijaandika, na nashukuru umekubali kwenda hospitali siku ileile. Naliweka hapa kwa ajili ya wengine.

Aminofilini ni dawa ya zamani ya kufungua kifua yenye nafasi nyembamba mno: kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni hatua chache. Moshi wa sigara unalifanya ini liichome haraka. Ukiacha sigara, dozi ileile ya miaka yote inabaki mwilini muda mrefu na kupanda. Juu yake siprofloksasini inalizuia ini kuivunja. Erithromisini, antibiotiki nyingine, nayo hufanya hivyohivyo. Mzee alipigwa pande mbili kwa wakati mmoja, naye alikuwa amefanya jambo jema kuliko yote, kuacha sigara. Asirudie sigara, dozi ndiyo ipunguzwe au dawa ibadilishwe. Kutapika, mapigo ya kasi na kukosa usingizi ni onyo, na kinachofuata chaweza kuwa degedege.

Hiyo "pumu ya uzeeni" mara nyingi si pumu. Ni ugonjwa sugu wa mapafu unaoletwa na sigara, moshi wa kuni wa miaka arobaini jikoni, vumbi la migodini, au kovu la kifua kikuu. Hapa dawa za kufungua kifua ndizo tegemeo, hasa zile za kuvuta zinazokaa muda mrefu kama tiotropiamu, na steroidi si ya kila mtu. Lakini mapafu yaliyokwisha haribika hayarudi. Na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, pima makohozi kwanza. Kipimo cha kifua kikuu ni bure.

Nimesikia ukitumbukiza kopo kwenye maji, likielea limeisha. Kweli?

Si kweli. Linaweza kuelea bado lina dawa, au kutoa mvuke mtupu usio na dawa ukadhani limejaa. Andika tarehe ulipolifungua, hesabu mipulizo. Pampu nyingine zina namba nyuma, soma hiyo.

Mama ana pumu, jirani kamgawia propranololi zake za presha.

Azirudishe leo. Propranololi inaziba palepale ambapo salbutamoli inafungua, na akibanwa pampu inaweza isimsaidie. Matone ya macho ya timololi yana tabia hiyohiyo, japo watu hawadhani dawa ya jicho inaweza kufika kifuani. Kila akiingia duka la dawa neno la kwanza liwe "nina pumu".

Ramadhani nifanyeje na pampu zangu? *Msomaji wa Kilwa Masoko*

Dawa ya kuzuia inayovutwa mara mbili kwa siku inakaa vizuri baada ya futari na wakati wa daku, hiyo haina shida. Kuhusu pampu ya bluu mchana, wanazuoni hawana kauli moja kama inafunguza. Mwulize shehe wako sasa, kabla mwezi haujaandama. Ila ukibanwa saa tisa alasiri, usisubiri adhana ya magharibi. Vuta. Siku hiyo hata kama utailipa, utailipa ukiwa hai.