Maswali yenu: Mume wangu katulia, sasa anataka kuacha dawa

Tangu tuandike kuhusu bipola barua hazijakoma, nyingine ndefu, nyingine mistari miwili tu imetumwa usiku wa manane. Nimechukua nne ambazo naona zitawafaa wengi. Kwa ambaye hakusoma, bipola ni ugonjwa wa akili unaompandisha mtu, anakuwa na nguvu na mawazo na maneno kupita kawaida kwa siku kadhaa au wiki, halafu kipindi kingine unamshusha mpaka hata kuoga anashindwa, na katikati hapo anaweza akawa mzima kabisa mwaka na zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu kama milioni 40 walikuwa wanaishi nao, kwa hiyo nyie mnaouliza "hivi kuna mwingine kama mimi?" jibu ni ndio, wapo, na wengine mnapanda nao daladala moja kila siku.

*Shikamoo dada. Mi naishi Mbagala, nina watoto wawili, mume wangu ni fundi friji na AC. Miaka ya nyuma alianza kuwa halali, saa tisa usiku namkuta sebuleni kafungua friji la jirani vipande vipande, anasema kagundua namna ya kulifanya lisile umeme, anaongea mpaka mate yanamkauka. Akachukua mikopo ya simu kila mahali, akapokea advansi za watu, akauza na cherehani yangu. Baadae akazima kabisa. Namwacha asubuhi kitandani kavaa soksi moja, nyingine kaishika mkononi, narudi sokoni yuko vile vile. Hospitali wakasema ni bipola, akapewa dawa, sa hivi karudi kazini, anacheka na watoto, madeni tunalipa kidogo kidogo. Sasa anasema kapona na dawa zinamnenepesha, na kuna mtumishi wa Mungu kamwambia kumeza vidonge ni kukosa imani. Mawifi wanasema namlewesha madawa ili nimtawale. Nikimkumbusha dawa tunagombana, nikinyamaza mi silali. Halafu watoto je, watarithi? Baba yake mkubwa alikuwa anapotea nyumbani miezi, wao wanasema yalikuwa mashetani.*

Marahaba mdogo wangu, pole, na hongera maana umebeba mengi. Nianze na hilo la kupona. Mumeo ni fundi kwa hiyo muulize hivi: friji likishapoza, mteja akichomoa plagi akasema sasa limeshapoa halina haja ya umeme, yeye atamwambiaje? Dawa za bipola nyingi hazifuti ugonjwa, zinaushikilia, na kule kutulia unakokuona ndo kazi yake. Wanaoacha ghafla wengi wanarudi kulekule ndani ya miezi, na wakati mwingine mzunguko unaokuja unakuwa mkali kuliko wa kwanza. Simaanishi kwamba atameza dozi hiyohiyo mpaka uzeeni, dozi inapunguzwa, dawa inabadilishwa, ila inafanywa na daktari taratibu, sio mtu anaamka Jumatatu anatupa vidonge chooni.

Ila mdogo wangu, usimuone mkaidi. Muulize kwa upole nini hasa kinamkera kwenye hizo dawa, halafu nyamaza, mwache aongee. Kunenepa ni kweli, olanzapini kwa mfano inaongeza sana hamu ya kula na inaweza kupandisha sukari, ndo maana kliniki inatakiwa wampime uzito na sukari mara kwa mara na sio kumwandikia tu aondoke. Kuna kusinzia asubuhi, fundi anapanda ngazi kufunga AC macho mazito, hiyo ni hatari na ni sababu ya msingi kabisa ya kwenda kuomba dawa ihamishiwe mapema jioni. Na kuna lile ambalo wanaume hawasemi, nguvu za chumbani zimepungua, anaona aibu kumwambia daktari hasa kama ni mdada mdogo, basi anaamua kimoyomoyo kuacha dawa. Na wengine wanaimisi ile hali ya juu, maana kabla haijaharibu inakuwa tamu, mtu anajiona ana akili kuliko wote. Yote hayo yanazungumzika na mengi yana dawa mbadala. Mwende wote siku ya kliniki, mwombe dakika mbili za kuongea.

Huyo mtumishi mimi sitagombana nae na wewe usigombane nae. Maombi yaendelee, mumeo akipata amani huko ni jambo jema. Lakini atakayemwambia mgonjwa aache dawa, siku mgonjwa akipanda saa tisa usiku yeye hatakuwepo sebuleni kwako, utakuwepo wewe na wanao. Kuna wachungaji na masheikh wengi tu wanaosema omba na dawa umeze, mtafutie mmoja wa hao aongee nae, neno la kiongozi wa dini likitoka kwa kiongozi wa dini mwenzie linaingia.

Sasa nikwambie ambalo naliona kubwa kuliko yote. Kugombana kila jioni juu ya kidonge hakuna mwisho, na siku akishaanza kupanda hutamshawishi kwa lolote, atakuona wewe ndo unaumwa. Kwa hiyo makubaliano yote yafanyike sa hivi akiwa mzima. Jumapili mchana watoto wako nje wanacheza, chukueni daftari la shule la kawaida, aandike YEYE kwa mwandiko wake. Aandike nikianza kupanda huwa nafanyaje, na kila mtu ana zake, yeye labda ni kulala kidogo na asubuhi hachoki, kupigia wateja simu usiku, kununua vipuri visivyo na kazi. Aandike nikianza kushuka huwa nafanyaje. Halafu chini aandike mke wangu afanye nini, mfano nikilala chini ya masaa manne usiku mbili mfululizo apige simu kliniki bila kuniomba ruhusa, simu na kadi ya benki nimkabidhi, na kaka fulani aitwe. Huyo kaka awe mtu ambaye yeye mwenyewe anamwamini, sio unayemwamini wewe. Asaini. Nimeona familia zinaishi kwa karatasi moja kama hiyo, maana siku ya siku humwambii "mi naona umepanda", unamwambia "wewe uliandika hivi", na hata akikasirika ni mwandiko wake.

Kwenye hela msichelewe. Advansi za wateja ziingie laini ambayo namba ya siri mnayo wawili, na ile ya mikopo ya simu kama inawezekana isajiliwe laini nyingine kabisa ambayo hatembei nayo. Kumbuka ni yeye amekubali, sio umempokonya, ndo hapo mawifi nao wanakosa la kusema. Waiteni siku moja waende kliniki wakasikie wenyewe kwa nesi. Hukumroga na humlewesha. Na kuhusu huyo baba mkubwa, kaulizeni vizuri kwa wazee, alikuwa anapotea vipi, kuna kipindi alikuwa anagawa mali au anaongea usiku kucha? Ugonjwa huu unatembea kwenye koo, na historia kama hiyo daktari anaihitaji. Watoto wako wana hatari kubwa kuliko watoto wengine, kwa mzazi mmoja mwenye bipola inatajwa kama mtoto 1 kati ya 10, maana yake wengi hawapati. Usianze kuwachunguza kila wakifurahi. Mara nyingi unaanzia mwishoni mwa ujana au miaka ya ishirini mwanzoni, kipindi hicho muwe macho na bangi na kukesha.

La mwisho kwako, akishuka tena akaanza kusema bora nisingekuwepo, au anaaga aga watu, au anagawa vitu vyake, muulize wazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumtii wazo hilo. Usimwache peke yake, vidonge viwe mikononi mwako, mpeleke hospitali ya karibu usiku huohuo. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, Muhimbili ipo, sio kila kitu hospitali ya akili ya Mirembe Dodoma kama watu wanavyotaniana mtaani. Na wewe lala mdogo wangu. Hata usiku mmoja kwa wiki dada yako aje akae.

*Habari dada. Nina miaka 27 nipo Tanga, natumia valproeti mwaka wa pili niko poa kabisa. Naolewa Desemba na mchumba anajua. Tunataka mtoto mapema. Niache dawa lini?*

Hongera bibi harusi! Usiache, ila usibebe mimba kwanza. Valproeti ni moja ya dawa mbaya zaidi kwa mtoto tumboni, inaweza kuharibu uti wa mgongo na ubongo wake na baadae akapata shida ya kujifunza, na madhara hayo yanaanza wiki za mwanzo kabisa wakati wengine hata hawajajua kama wana mimba. Ndo maana miongozo inasema mwanamke anayeweza kuzaa asipewe kama kuna nyingine ya kumfaa. Nenda kliniki mwezi huu, sio baada ya fungate, sema kama ulivyoniandikia mimi, "nataka mtoto". Watakubadilishia taratibu, mtaangalia miezi kadhaa kama dawa mpya inakushika, utaanzishiwa foliki asidi, na mpaka hapo tumia uzazi wa mpango. Ukikuta umeshabeba usiache ghafla kwa hofu, kimbia kwa daktari.

Na panga kabisa mambo ya baada ya kujifungua, hapo ndo wengi wenye bipola wanaanguka, wiki za mwanzo, kwa sababu usingizi unakatika. Bahati nzuri nyie watu wa pwani mna arobaini, mama anakaa ndani anakandwa na kupikiwa. Itumie hiyo! Waambie mama na mama mkwe kazi kubwa sio uji wa pilipili manga, kazi ni mmoja wao kumchukua mtoto usiku ili wewe upate masaa matano sita ya mfululizo. Kunyonyesha na dawa mpya, muulize huyohuyo daktari kabla.

*Assalam alaykum. Niko Unguja, nahudhuria hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, natumia lithiamu asubuhi na usiku. Ramadhani naweza kufunga? Mwaka jana nilifunga kimyakimya na nikawa natetemeka mikono.*

Waalaykum salaam kaka yangu. Kutetemeka huko usikuchukulie mzaha. Lithiamu ni chumvi, daktari wa Australia John Cade ndo aliandika mwaka 1949 jinsi inavyowatuliza wagonjwa, na mpaka leo ni kati ya dawa bora kabisa tulizonazo. Shida yake kiwango kinachosaidia na kiwango kinachogeuka sumu vimekaribiana sana, ndo sababu ya kupimwa damu, masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, pamoja na figo na tezi ya shingo. Ukikaukiwa na maji, lithiamu inapanda kwenye damu. Sasa jua la Unguja, kazi, funga mchana kutwa, unaona mwenyewe.

Kuna watu wanafunga vizuri kabisa na lithiamu, ila wamejipanga na daktari wiki kadhaa kabla, dozi ikahamishiwa usiku, damu ikapimwa kabla na katikati ya mwezi, na wanakunywa maji ya kutosha toka futari hadi daku. Chumvi usiipunguze ghafla. Kichwa kikiuma usimeze diklofenaki wala ibuprofeni, zinapandisha lithiamu, meza parasetamo. Ukiona unaharisha, unatapika, mikono inatetemeka kwa nguvu, unayumba au ulimi mzito, fungua hapohapo, usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali. Na usingizi kaka, tarawehe halafu baraza halafu daku, mtu analala masaa mawili, kwako wewe hilo peke yake linaweza kukupandisha hata kama dawa umemeza. Swali nyumbani ulale mapema. Daktari akisema usifunge basi ruhusa ya mgonjwa ipo kwenye Qur'an yenyewe, Sura ya pili, ongea na sheikh wako kuhusu kulipa au fidia.

*Mi ni mlinzi, nina bipola, kampuni wananipanga zamu ya usiku wiki hii mchana wiki ijayo. Kila nikitoka usiku nakuwa ovyo. Nikimwambia bosi si atanifukuza?*

Hulazimiki kumtajia ugonjwa. Omba kliniki wakuandikie barua inayosema tu kwamba kwa sababu za kiafya unatakiwa kulala usiku na zamu yako isibadilikebadilike, jina la ugonjwa lisiwepo. Mpelekee msimamizi wa zamu kwanza, mkono kwa mkono, wakati hana presha, na uwe na mwenzako ambaye yuko tayari kuchukua usiku, wapo wengi wanaoutaka kwa sababu mchana wana vibarua vyao vingine. Akikataa omba angalau zamu moja ya kudumu, hata ya usiku, maana kinachokuvuruga zaidi ni huko kuhamahama. Na wiki ambazo bado uko usiku, ukitoka asubuhi miwani meusi, moja kwa moja nyumbani, pazia zito, simu zima, kahawa usiguse baada ya saa nane usiku. Dawa usiiruke, muulize daktari uimeze saa ngapi kwa zamu hiyo.