Re: Grafu ya Cacti inaporomoka jioni, laini ni ya giga 1

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, mchana grafu ya Cacti (programu inayochora matumizi ya mtandao) iko sawa, jioni matumizi yakipanda inaanguka hadi Mbps 20, na hakuna anayelalamika. Basi laini ni nzima, kaunta ya swichi (namba inayohesabu data inayopita) ndiyo inakudanganya.

ifInOctets, kaunta ya baiti zinazoingia, ni ya biti 32: ikifika 4,294,967,295 inarudi sifuri. Ukisoma kila dakika 5, trafiki ikizidi kama Mbps 114 inaweza kuzunguka zaidi ya mara moja, na skripti inayoisoma haina namna ya kujua.

Anza na hii, inaiuliza swichi kwa SNMP (njia ya kusoma vifaa vya mtandao) kama ina kaunta ya biti 64; neno_lako ni neno la siri la SNMP, IP ni anwani ya swichi:

snmpwalk -v2c -c neno_lako IP 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6

Ikijibu, hamia kaunta ya biti 64. Toleo la SNMP kwenye Cacti liwe 2c. La 1 halibebi namba hizo. Mimi nilibadilisha kaunta nikasahau toleo, nikakesha bure.

Grafu ikianza kuwa na matundu, piga rrdtool info kwenye faili la .rrd, ambamo Cacti huhifadhi data, uangalie max, yaani kikomo cha juu kwa baiti kwa sekunde. Faili langu lilikuwa na 12500000, yaani Mbps 100, kila kilichozidi kinatupwa. Dawa yake, kwa laini ya giga 1:

rrdtool tune faili.rrd -a traffic_in:125000000

Rudia kwa traffic_out. Data ya nyuma ndiyo imekwenda hivyo. Swichi ya aina yako sijawahi kuigusa, kwa hiyo snmpwalk ikigoma bandika hapa ilichojibu.