Upepo wa Nyanda za Juu Kusini: anzeni na mnara wa kupimia

Ninyi mnaoanza kazi ya kuandaa miradi ya umeme wa upepo Makambako, Mufindi au Mbeya, msidanganywe na upepo unaovua watu kofia. Nguvu yake hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi: ukitoka mita 6 kwa sekunde kufika 7, umeongeza karibu asilimia 60. Kwa hiyo kosa dogo la kipimo huwa hasara kubwa kwenye mahesabu. Pimeni miezi 12 bila pengo, kwa mnara unaofikia walau theluthi mbili ya kimo cha kitovu cha mtambo, pale mapanga yanapoungana. Kisha punguzeni makadirio yenu ya nguvu. Kwenye mwinuko wa mita 1,800 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ile kilo 1.225 kwa mita ya ujazo wanayotumia watengenezaji wa mitambo.

Mufindi ina mtego wake: miti ya milingoti (mikaratusi) na misindano. Miti hupunguza kasi ya upepo na kuuvuruga, nayo haiachi kukua. Mnara uliosimikwa kando ya miche hautawaambia hali itakavyokuwa miti ikikomaa. Muulizeni mwenye shamba atavuna lini.

Kijiji nacho kitawapima kwa mnara huohuo. Nyaya za kuushikilia husambaa makumi ya mita kila upande, zikakatiza njia ya ng'ombe na ya trekta. Mvua ikichelewa, msishangae kusikia kwamba ni mnara unaoifukuza. Hotuba haitasaidia, wafungulieni sanduku waone vifaa, na mlinzi awe wa kitongoji hichohicho. Betri na paneli nazo zitabaki salama.

Kwenye ardhi, msimalizane na mwenyekiti na mtendaji peke yao. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, eneo la kijiji lisilozidi hekta 250 likihamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, mwenye kukubali au kukataa ni mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi, uamuzi ni wa waziri baada ya kusikia mapendekezo ya mkutano huo. Anayesahaulika mara nyingi ni yule ambaye njia ya umeme inapita shambani kwake: hapati mtambo, ila miti yake inakatwa. Mthamini wa fidia amhesabu mapema.

Kivuli cha mapanga yanayozunguka kina kikomo: mwongozo wa Shirika la Fedha la Kimataifa unataka nyumba isikipate zaidi ya saa 30 kwa mwaka wala dakika 30 kwa siku. Huku kwetu karibu na ikweta kivuli kirefu huanguka magharibi asubuhi na mashariki jioni. Nyumba za pande hizo mbili zikaguliwe kwanza.

Usafirishaji nao unaua ratiba. Panga refu litokalo bandari ya Dar es Salaam litakutana na kona za mlima Kitonga, hivyo pimeni kona kabla ya kuchagua ukubwa wa mtambo. Mradi wa Mwenga kule Mufindi, uliowashwa 2020, una mitambo mitatu tu, jumla megawati 2.4, nao husaidia kituo cha umeme wa maji wakati mto umepungua kiangazi. Udogo huo si aibu.

Ajira zielezwe mkutano wa kwanza kabisa: vibarua ni wengi wakati wa kumwaga zege la misingi, kisha hubaki walinzi na mafundi wachache. Taja idadi na miezi, iingie kwenye muhtasari wa kijiji.