Usipande mipopla ya Lombardy kabla hujajua bomba lako la maji taka linapita wapi

Simamisha hiyo oda leo. Umesema unataka miche 12 ya mpopla wa Lombardy, uipange kwenye uzio hapo Columbus ili jirani asione uani, na unauliza nafasi, mwezi wa kupanda na mbolea. Mimi nilipanda tisa, hapahapa Ohio, kwa hamu hiyohiyo: mistari mirefu myembamba kama miashoki ya kwetu Dar.

Kukua, inakua. Futi 6 kwa mwaka si ajabu, na mwaka wa nne nilishasahau sura ya jirani. Mwaka wa saba choo cha chini kikaanza kurudisha maji. Tukadhani watoto wametumbukiza kitu. Fundi akazibua. Miezi miwili baadaye yakarudi tena, safari hii hadi kwenye zulia, na wageni walikuwa wamekaa sebuleni. Ndipo akaingiza kamera. Nyumba yangu ni ya zamani, bomba ni la udongo wa kuchoma, vipande vifupi vilivyoungwa, na kila kwenye kiungo mizizi imejaa kama nywele! Mpopla una kiu. Mizizi yake hutambaa juujuu na kwenda mbali, na ikikuta kiungo kinachovuja, inaingia. Dola 8,700 kufukua na kuweka bomba jipya. Bima haikutoa hata senti. Hizo zilikuwa karo za mwanangu, ndugu yangu.

Na yule muuzaji wa kitaluni alinitazama usoni akasema, "Panda, sahau." Hakuuliza nyumba ni ya mwaka gani. Hakunitajia ugonjwa wa vidonda vya gome, ambao hauna dawa na mara nyingi huimaliza miti hii kabla ya miaka 15. Yangu ilianza kukauka vileleni, mmoja baada ya mwingine, maana yote ni vipandikizi vya mti uleule wa Italia. Ugonjwa ukimuweza mmoja umewaweza wote. Nikaikata. Machipukizi yakafumuka kutoka mizizini uwanja mzima, mpaka kwenye maua ya jirani, na nimeyang'oa misimu mitatu. Mtu anayeuza miti kila siku anayajua haya. Alinyamaza auze.

Kwa hiyo, kabla hujachimba shimo hata moja, lipa fundi apitishe kamera na akuchoree kwa rangi bomba linapopita. Kupiga 811, namba ya Marekani ya kuomba mabomba na nyaya za chini ziwekewe alama kabla hujachimba, ni lazima, ni bure, lakini mara nyingi hawaweki alama kwenye bomba lako binafsi la maji taka. Mimi nilipiga, nikaona bendera zao, nikajiona niko salama.

Ukiona bomba liko upande wa uzio, niandikie, nikutumie video ya kamera yangu umuonyeshe mumeo kabla miche haijafika.