Ngome ya Wilhelmstein ilizingirwa 1787

Ndiyo, ngome ya Wilhelmstein, huko Ujerumani, ilizingirwa 1787, ila aliyeijenga alikuwa ameshafariki miaka kumi nyuma. Graf (cheo cha mtawala wa Kijerumani) Wilhelm wa Schaumburg-Lippe aliijenga 1761 hadi 1767 ndani ya ziwa la Steinhude, juu ya kisiwa cha kutengeneza, mawe yakivushwa kwa mashua, ili nchi yake ndogo isimezwe na majirani. Kwenye Vita vya Miaka Saba vyenyewe (vita vya mataifa ya Ulaya, 1756 hadi 1763) haikushambuliwa; 1762 yeye alikuwa Ureno akiongoza jeshi dhidi ya Hispania. Mwaka 1787 Hesse-Kassel, dola nyingine ya Kijerumani, ikavamia, ikashika karibu eneo lote, ngome ikagoma kusalimu amri. Lakini wanaosema mizinga ndiyo iliyookoa nchi wanatia chumvi: wavamizi waliondoka kwa amri ya baraza la Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi, lililojumuisha nchi hizo za Kijerumani, na shinikizo la ufalme wa Prussia.