Analala Mchana Kutwa: Ni Uzee au Anaumwa?

*Shikamoo Daktari. Mbwa wangu Jasiri, dume wa miaka 7, siku hizi analala mno. Zamani nikigusa tu komeo la geti alikuwa keshanirukia. Sasa ni wiki ya pili: anainua kichwa, anapiga mkia chini mara mbili, anarudi kulala. Chakula anabakiza. Akilala miguu inamtetemeka na analialia, jambo linalonitisha sana. Jirani anasema ni uzee tu. Nimwache apumzike?*
*Mwenye Jasiri*

Marahaba. Nianze na hiyo miguu. Jasiri anaota. Mbwa akiota, macho humchezacheza chini ya kope, kucha hukwaruza sakafu, hata hubweka mdomo ukiwa umefumba. Usimwamshe kwa kumshika, maana akigutuka anaweza kukung'ata bila kukusudia. Mwite jina ukiwa mbali kidogo.

Wingi wa saa nao usikusumbue sana. Mbwa mkubwa kulala saa 12 hadi 14 kwa siku, vipande vipande, ni kawaida. Watoto hufika 18 na zaidi.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni geti. Mbwa mzima, hata usingizi uwe umemkolea vipi, akisikia kitu anachokipenda huinuka: hunyoosha miguu ya mbele, kiuno juu, hupiga mwayo, huyo anakuja. Anayeinua kichwa na kukirudisha chini amenyong'onyea, na kunyong'onyea si usingizi. Uzee nao huja polepole, mwezi baada ya mwezi. Haumwangushi mbwa wa miaka 7 ndani ya wiki mbili.

Nilikuwa na jike, Tausi. Asubuhi moja aliacha kunisindikiza mlangoni. Nikasema ni joto. Siku ya nne ndipo nilipomfunua mdomo, nikakuta fizi nyeupe kama karatasi. Kupe walikuwa wamejificha ndani ya masikio na katikati ya vidole, na homa wanayoileta ilikuwa imeshammaliza damu. Alipona, lakini siku zile nne zinaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo jioni hii mfunue mdomo Jasiri. Fizi ziwe za waridi (kama zake ni nyeusi kwa asili, tazama ndani ya kope la chini). Bonyeza ufizi kwa kidole, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Akilala fofofo, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Kikizidi mara 30, na ukirudia bado ni vilevile, huenda moyo au mapafu yana shida. Mpapase kutafuta kupe. Angalia kama anakunywa maji kuliko zamani.

Hata usipoona kitu, kesho mpeleke kwa daktari wa mifugo akapimwe damu, kwa sababu chakula anabakiza. Fizi zikiwa nyeupe, tumbo likivimba na kukaza, akihema kwa shida au akishindwa kusimama, usingoje kesho. Na nakusihi, usimpe dawa ya maumivu ya binadamu: parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kumuua.

Kabla hamjatoka, mrekodi kwa simu anavyoinuka ukimwita. Mbwa wengi wakifika kwa daktari woga huwachangamsha, wakaonekana wazima kabisa.