Jibu: Bacillus wanakua vizuri, lakini safaktini sioni

Habari ndugu. Nikikuelewa vizuri, unakuza bakteria Bacillus subtilis kwenye molasi ili watoe safaktini, kitu kinachofanya kazi kama sabuni; mchuzi unajaa bakteria, lakini ukidondosha tone lake juu ya utando wa mafuta kwenye sahani, mafuta hayasogei, yaani safaktini haionekani.

Kabla hujagusa chakula chao, povu linaenda wapi? Safaktini hupanda na povu. Hapa Jinja nilihangaika wiki mbili nikipima mchuzi, kumbe mali yote inatoka na povu kupitia mpira wa kutolea hewa kwenye chupa ya kukuzia na kukaukia sakafuni, utando wa kahawia unaoteleza kama sabuni. Karibu nianguke! Sasa mpira huo nauingiza kwenye jerikeni safi, povu likitulia napima maji yake. Ukitaka kuitenga safaktini yenyewe, chuja bakteria kwanza, kisha shusha pH (kipimo cha uasidi) hadi 2 kwa asidi ya hidrokloriki: safaktini inaganda na kuzama, kama maziwa yaliyokatika. Dawa ya kuua povu achana nayo, inavuruga kipimo cha mafuta.

Pima pia molasi tupu isiyo na bakteria, usije ukajidanganya.

Kama hata kwenye povu hamna kitu, ndipo uongeze chumvi ya chuma na ya manganizi, kidogo sana, moja kwa wakati. Molasi usiizidishe, mimi naanza na gramu 20 kwa lita. Chupa ijae theluthi moja tu, vinginevyo povu litakushinda usiku, na asubuhi utakuwa unapiga deki.

Ukishapima hilo povu, rudi utuambie duara la mafuta limefunguka sentimita ngapi.